Kurudisha Laini: Historia ya Kumtambua Mwenye Namba, Tanzania na Kenya

Kurudisha laini ni kupewa kadi mpya ya simu yenye namba ileile ya zamani, baada ya kadi ya kwanza kupotea, kuibwa, kuharibika au kukataa kuingia kwenye simu mpya. Ni huduma ya dakika chache. Mteja hufika dukani au kwa wakala, hujieleza, hulipa ada ndogo na kuondoka na namba yake. Kabla ya kubonyeza kitufe, mhudumu anapaswa kujiuliza swali moja tu: je, huyu aliyesimama hapa ndiye mwenye namba? Nchini Tanzania na Kenya swali hilo lilichelewa kupewa uzito. Thamani ya laini ilikua haraka kuliko umakini wa watu waliopewa kazi ya kuitoa, na katika nafasi hiyo matapeli wakapata riziki.

Kadi na namba

Kadi ya SIM ilizaliwa mwaka 1991, pale kampuni ya Giesecke & Devrient ya mjini Munich, Ujerumani, ilipoitengenezea kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland kadi za kwanza. Ndani ya chipu yake mna vitu viwili vya msingi. Cha kwanza ni namba ya utambulisho wa mteja, ambayo kwa kawaida huwa na tarakimu 15 na ambayo mteja mwenyewe haioni. Cha pili ni ufunguo wa siri, ambao mtandao huutumia kuhakiki kuwa kadi ni halali.

Namba ambayo watu huipiga inakaa kwenye rejesta ya kampuni, ambako imeunganishwa na utambulisho wa kadi fulani. Kurudisha laini basi ni kuirekebisha rejesta hiyo: namba huondolewa kwenye kadi ya zamani na kufungwa kwenye kadi mpya. Mfano ulio karibu ni sanduku la posta. Namba ya sanduku haibadiliki. Kinachobadilishwa ni kitasa. Aliyemshawishi karani atapata ufunguo mpya na barua zote zitakazokuja, na mwenye sanduku atagundua siku ufunguo wake utakapokataa kuzunguka.

Kwa hiyo ulinzi wa kihesabu uliomo kwenye chipu, hata uwe imara kiasi gani, haumsaidii mteja ikiwa rejesta inaweza kubadilishwa kwa maneno matupu. Mwizi hahitaji kuifungua kadi ya mtu. Anahitaji kupewa ya kwake.

Enzi ya mikataba na enzi ya vocha

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994 kupitia kampuni ya Mobitel. Mitambo ya mwanzo ilikuwa ya analogia na haikutumia kadi. Namba ilipangwa ndani ya simu yenyewe. Simu ilikuwa ghali, na mteja alitumia kwanza akalipa baadaye. Kwa sababu hiyo kampuni ilikuwa na haja ya kumjua vizuri: jina lake, anwani yake na mahali anapofanya kazi. Asipolipa, atafutwe wapi? Utambulisho wa wakati huo ulikuwa kinga ya kampuni dhidi ya deni.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vodacom ilianza kutoa huduma Tanzania mwaka 2000, na Celtel ikafuata mwaka 2001. Kenya nayo, mwaka 2000, ilishuhudia Safaricom na KenCell zikianza kugombea wateja. Vocha za kukwangua zikaenea. Mteja alilipa kwanza, akaongea baadaye, na kampuni ikapoteza sababu ya kuuliza yeye ni nani. Laini zikauzwa kwenye vibanda, madukani na chini ya miavuli ya barabarani, kama zinavyouzwa karanga. Aliyekuwa na fedha mkononi alipewa laini, jina lake asiulizwe.

Kurudisha laini iliyopotea kulikuwa nadra, kwa kuwa wengi waliona heri kununua nyingine. Kilichopotea kilikuwa salio la shilingi mia kadhaa na usumbufu wa kuwapa ndugu namba mpya. Aliyeitaka namba yake ya zamani, pengine kwa sababu wateja wake wa biashara walikuwa wameizoea, alipeleka ile kadi kubwa ya plastiki ambamo chipu ilichomolewa, yenye namba za PUK, za kufungulia kadi iliyojifunga. Kama hakuitunza, aliulizwa namba chache anazozipiga mara kwa mara au kiasi cha vocha aliyoweka mwisho. Maswali hayo yalitosha kwa kitu chenye thamani ya vocha.

Laini yageuka mkoba

Machi 2007 Safaricom ilizindua huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Ghafla namba ya simu ikawa akaunti ya fedha. Mshahara wa mlinzi, ada ya mtoto, mchango wa harusi na mauzo ya samaki vilipita humo. Kisha mikopo ikaongezeka. Nchini Kenya huduma ya M-Shwari ilianza Novemba 2012 na Fuliza mwaka 2019, na zote ziliruhusu mwenye laini kukopa kwa kubonyeza tu. Aliyeishika namba ya mtu hakuchukua akiba yake peke yake; aliweza pia kumwachia deni. Benki nazo zilianza kutuma namba za siri za muda kwa ujumbe mfupi ili kuthibitisha miamala, na kwa njia hiyo zikaikabidhi laini ya simu ulinzi wa akaunti zilizokuwa nje kabisa ya mtandao wa simu.

Maswali ya kwenye kaunta hayakubadilika kwa kasi hiyo. Bado mhudumu aliuliza namba zinazopigwa mara kwa mara, salio, jina kamili na namba ya kitambulisho. Hayo yote yalihesabiwa kuwa siri za mteja, ingawa maisha ya kila siku yaliyaanika hadharani.

Mfano mmoja ni daftari la wakala wa fedha. Katika miaka ya mwanzo ya M-Pesa, kila muamala uliandikwa kwa mkono kwenye daftari lenye mistari: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Daftari lililala wazi juu ya meza, na aliyekuwa akitia sahihi mstari wa kumi aliweza kusoma mistari tisa iliyotangulia. Mjini Nairobi vitabu vya wageni kwenye malango ya majengo vilikusanya habari hizohizo kutoka kwa kila aliyeingia kumwona daktari au kutafuta kazi. Mhudumu wa kampuni ya simu alipouliza jina, namba ya simu na kitambulisho, aliuliza mambo ambayo mlinzi wa getini alikuwa nayo tayari.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa cha Tanzania ina udhaifu wake pia. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeijua namba hiyo ameshajua tarehe ya kuzaliwa. Mhudumu anayeuliza vyote viwili anadhani ameuliza maswali mawili, kumbe ameuliza moja.

Usajili wa kwanza, 2009 hadi 2013

Serikali ziliingilia kati kwa sababu nyingine kabisa. Nchini Kenya, Julai 2009, Rais Mwai Kibaki aliagiza laini zisajiliwe, wakati ambapo watekaji nyara walikuwa wakidai kikombozi kwa namba zisizo na mwenyewe. Usajili ulianza Juni 2010, na laini ambazo hazikusajiliwa zilizimwa mwishoni mwa mwaka 2012. Tanzania ilianza usajili wake Julai 2009 chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliufanya usajili kuwa wajibu wa kisheria, na kumtaka mwenye laini kutoa taarifa inapopotea au kuibwa.

Hapo ndipo ripoti ya polisi ya upotevu ilipopata nafasi katika utaratibu wa kurudisha laini Tanzania. Aliyepoteza simu alipita kituoni, akaeleza alichopoteza, akalipia na kupewa karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo ilithibitisha kuwa mtu fulani amesema amepoteza kitu. Haikuthibitisha kuwa kitu hicho kilikuwa chake. Hata hivyo, kwa mhudumu muhuri ulikuwa kinga: likitokea la kutokea, ana karatasi ya kuonyesha.

Usajili wa awamu hiyo ulisimama juu ya msingi dhaifu. Tanzania haikuwa bado na Kitambulisho cha Taifa mikononi mwa wananchi. Mamlaka ya kukitoa, NIDA, iliundwa mwaka 2008, na kitambulisho chenyewe kikazinduliwa Februari 2013. Kwa hiyo zilipokelewa kadi za mpiga kura, leseni za udereva, pasipoti, vitambulisho vya kazi na barua za serikali za mitaa. Wakala aliyekaa chini ya mwavuli hakuwa na namna ya kuhakiki hata kimoja kati ya hivyo. Alijaza fomu, akapiga picha au kutoa nakala, akatuma. Malipo yake yalitegemea idadi ya laini alizosajili, hivyo haikumlipa kuchunguza sana. Laini zilizokwisha kusajiliwa kwa majina ya watu wengine zikauzwa waziwazi kwa mtu asiyetaka usumbufu.

Usajili huo ulijibu swali la nani amenunua, tena kwa kulegalega. Swali la nani anarudisha liliendelea kuegemea maneno ya mteja na jicho la mhudumu, aliyelinganisha sura iliyoko mbele yake na picha ndogo ya kitambulisho ambacho huenda nacho ni cha kughushi.

Namna wizi ulivyofanyika

Kufikia miaka ya 2010 wizi wa kurudishiwa laini ya mtu mwingine ulikuwa umeota mizizi, hasa Kenya, ambako fedha nyingi zaidi zilipita kwenye simu. Mji mdogo wa Mulot, ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, ukajulikana nchi nzima baada ya wapelelezi kukamata watuhumiwa huko mara kadhaa. Mbinu yenyewe ilikuwa na hatua zinazojulikana.

Kwanza zilikusanywa habari: jina, kitambulisho, namba. Kisha tapeli alitengeneza majibu ya maswali ya kaunta. Hapo desturi ya kubipu ilimsaidia. Katika Afrika Mashariki mtu akikuta namba ngeni imepiga mara moja na kukata, mara nyingi huipigia ili ajue ni nani. Tapeli alimbipu mlengwa kwa namba tatu au nne tofauti, kwa siku kadhaa. Mlengwa akipiga, namba hizo huingia kwenye orodha ya namba alizozipiga karibuni. Siku ya kwenda kuomba laini, tapeli alizitaja zote bila kukosea, kwa kuwa zilikuwa zake mwenyewe. Vivyo hivyo, kwa kumtumia mlengwa vocha ndogo au shilingi chache, alijua kiasi kilichoingia mwisho.

Hatua ya tatu ilikuwa kumweka mwenye laini mbali na simu yake. Alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa fundi wa mtandao, akaombwa kwa upole azime simu kwa saa moja kwa kuwa mitambo inaboreshwa. Wakati simu imezimwa, laini ilihamishwa. Alipoiwasha, skrini ilionyesha kuwa hakuna mtandao, au simu za dharura tu, naye akasubiri kwa subira maboresho yaishe.

Kadi mpya haikuja na namba ya siri ya fedha, kwa hiyo ulihitajika mlango wa pili. Tapeli alipiga huduma kwa wateja kwa kutumia laini yenyewe, akasema amesahau namba ya siri, akaulizwa maswali yanayofanana na yale ya kwanza. Ukaguzi wa pili uliuamini ule wa kwanza: anayepiga kwa namba hiyo bila shaka ni mwenyewe. Kisha fedha zilitolewa kwa mawakala mbalimbali ndani ya saa chache. Palipokuwa na mtumishi wa ndani aliyekula njama, safari nzima ilifupishwa, maana hakukuwa na haja ya kujibu swali lolote.

Udhaifu huu haukuwa wa Afrika Mashariki peke yake. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, ilitekwa baada ya namba yake ya simu kuhamishiwa kwa watu wengine. Januari 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa kampuni tano za simu za nchi hiyo. Waliomba kubadilishiwa laini mara 50, wakijifanya wamesahau majibu ya maswali mengi, na wakafanikiwa mara 39. Kati ya njia walizozitumia ilikuwamo ya kutaja simu zilizopigwa karibuni, ileile iliyokuwa ikichezewa kwa bipu.

Alama za vidole

Tanzania ilichagua kuanza upya. Kuanzia Mei 2019 laini zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, zikilinganishwa papo hapo na kumbukumbu za NIDA. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019. Foleni zilijaa katika ofisi za NIDA, kwa kuwa mamilioni walikuwa na laini bila kuwa na kitambulisho wala namba yake. Tarehe 27 Desemba Rais John Magufuli, aliyesajili laini yake akiwa Chato, aliongeza siku 20. Laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020.

Kwa upande wa kurudisha laini, badiliko lilikuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza mhudumu alikuwa na kipimo kisichotegemea kumbukumbu ya mteja wala jicho lake. Kidole ama kinalingana au hakilingani. Tapeli aliyekariri namba zote za bipu alikwama kwenye kifaa kidogo cha plastiki chenye kioo.

Pengo lilihamia kwingine. Wakala anayetembea na kifaa mtaani humwambia mteja, "Haijasoma, weka tena." Mteja huweka kidole mara ya pili, pengine ya tatu. Mara nyingi ni kweli kwamba haijasoma, maana vidole vya wakulima, mafundi na wazee hulika kwa kazi na umri. Lakini wakala asiye mwaminifu huutumia mguso wa pili kusajili laini nyingine kwa jina la mteja huyohuyo, kisha huiuza. Mteja huondoka na laini yake moja bila kujua kwamba ameacha ya pili. Laini za aina hiyo ndizo hubeba ujumbe maarufu wa utapeli unaomwelekeza mtu kwamba "ile hela tuma kwenye namba hii." Taarifa za robo mwaka za TCRA zimeitaja mara nyingi mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba zilizobainika katika majaribio ya ulaghai, na namba hizo huwa na majina ya watu waliosajiliwa kihalali.

Wasiosomeka vidole nao walihitaji njia nyingine, na njia hiyo ikawa maswali. Kwa kundi hilo, ambamo wazee ni wengi, ukaguzi ulirudi kwenye mambo ambayo mtoto, mjukuu au mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuyajua.

Kenya na kinga za nyongeza

Kenya ilitunga kanuni mpya za usajili wa laini mwaka 2015, na mwaka 2022 ikaagiza wateja wahakiki upya taarifa zao, ambapo muda wa mwisho wa Aprili ulisogezwa hadi Oktoba. Badala ya vidole, mkazo uliwekwa kwenye picha ya mteja, kitambulisho na kulinganisha taarifa na kumbukumbu za serikali. Safaricom ilianzisha msimbo wa *100*100#, ambao mteja akiupiga huizuia laini yake kubadilishwa isipokuwa kwa kufika mwenyewe katika duka la kampuni. Kwa kinga hiyo mteja hukubali usumbufu kidogo kwa hiari ili wakala wa mbali asiweze kuigusa namba yake.

Njia nyingine ilitoka Msumbiji. Huko benki na kampuni za simu ziliunganisha mifumo yao ili benki ijue kama laini imebadilishwa karibuni. Ikiwa imebadilishwa ndani ya siku mbili au tatu zilizopita, muamala huzuiwa mpaka mteja athibitishe vinginevyo. Utaratibu huo unakubali kwamba mhudumu wa kaunta anaweza kukosea, kisha unampa mwenye laini muda wa kugundua. Mwizi wa laini hutegemea saa chache za mwanzo. Akinyimwa hizo, kadi aliyopewa haimfai kitu.

Sheria za makosa pia zimesogea. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na marekebisho ya mwaka 2025 ya sheria yake ya makosa ya kompyuta yakaitaja wazi kuwa kosa kubadilisha laini ya mtu bila idhini yake.

Katika hatua zote hizo, kitu kimoja hakikuguswa vya kutosha, nacho ni malipo ya wakala. Tangu enzi za fomu za karatasi hadi za vidole, amelipwa kwa kila laini anayoitoa na hakulipwa chochote kwa ile anayoikataa. Mpaka hesabu hiyo ibadilike, ulinzi wa mwisho unabaki kwa mwenye namba mwenyewe. Simu ikikosa mtandao ghafla mahali ambapo jirani anao, apige huduma kwa wateja kwa simu nyingine papo hapo, asisubiri hadi kesho. Na kwa Tanzania, kupiga *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mpigaji. Isiyo yake apeleke taarifa kwa kampuni husika ifungwe.